Namba ndogo ihoji kwanza: kwa wanaoanza kupima misuli ya kupumua

Ukianza kazi kwenye chumba cha vipimo vya mapafu, shika hili mapema: namba kubwa huaminika, namba ndogo huhojiwa. Mgonjwa hawezi kutoa nguvu asizo nazo, ila anaweza kabisa kutotoa zote alizo nazo, kwa uchovu, woga au kwa kuwa hakukuelewa.

Anza na kipimo cha mdomoni. Kwa shinikizo la kuvuta pumzi, atoe hewa yote kwanza, ndipo avute kwa nguvu huku vali imefungwa, ashikilie angalau sekunde moja na nusu. Tunachosoma ni wastani wa sekunde moja, si kilele cha mara moja. Hakikisha tundu dogo la kuvujisha hewa kwenye kifaa liko wazi. Likiziba, mashavu yatakupa namba nzuri ya uongo. Na paza sauti! Mpimaji mnyonge hupata majibu manyonge. Rudia mpaka majaribio matatu yapishane kwa asilimia 10 tu. Namba ikizidi sentimita 80 za maji (kipimo cha shinikizo), ondoa shaka ya udhaifu wa maana.

Ikiwa chini ya hapo, usikimbilie kuandika "udhaifu". Pitia puani: kizibo chenye mrija tundu moja, la pili wazi, kisha avute kwa ghafla kama anayevuta kamasi. Wengi hukiweza hiki kuliko cha mdomoni, hasa wale ambao midomo imelegea. Pua ikiwa imeziba, jibu litashuka bure. Kati ya vipimo hivi viwili, kilichotoka vizuri zaidi ndicho cha kusikiliza.

Katheta (mirija myembamba) zenye puto, moja umioni na nyingine tumboni, ni habari nyingine. Tofauti ya shinikizo baina yake hukuonyesha nguvu ya kiwambo (msuli mkuu wa kupumua, kati ya kifua na tumbo) peke yake, wakati mdomoni misuli yote huchanganyika. Ukisisimua neva za freniki, zinazokiendesha kiwambo, shingoni kwa sumaku, hata asiyeweza kushirikiana hupimika. Lakini mirija hiyo kupitishwa puani ni adha, kwa hiyo uliza kwanza jibu litabadili matibabu gani. Mimi hutanguliza kupima ujazo wa pumzi (hewa yote anayoweza kutoa baada ya kuvuta kabisa) akiwa amekaa, kisha amelala chali. Ukishuka zaidi ya asilimia 30 anapolala, nakishuku kiwambo kuwa dhaifu.

Katheta zikishakaa, tazama mstari wa shinikizo la tumboni anapovuta kwa ghafla. Kwa kawaida hupanda. Ukishuka pamoja na ule wa umioni, kiwambo kinanyonywa juu, hakisukumi.