Siki, bekingi soda na Jik: povu lisilosafisha kitu

SWALI: Habari, mtaalamu. Naishi Mbezi, nyumba ya kupanga, na maji tunayotumia ni ya kisima. Vigae vya bafuni na bomba vimeota utando mweupe mgumu, na jiko limeganda mafuta. Nimeona video inayosema changanya siki, bekingi soda na ndimu, kisha ongeza kifuniko kimoja cha Jik, eti inang'arisha kila kitu na haina kemikali. Ilitoa povu jingi, lakini nilikohoa mpaka nikatoka nje, na utando bado upo palepale. Sebuleni nako, kwenye sakafu ya tarazo, nilipopitisha ndimu pamebaki mabaka yasiyong'aa. Nusu ya mchanganyiko nimeuhifadhi kwenye chupa. Je, nilikosea vipimo?

JIBU: Pole, mama. Hukukosea vipimo, kwa sababu mchanganyiko huo hauna vipimo sahihi. Hata ungepima kwa mizani ya sonara, ungekohoa vilevile.

Tuanze na hiyo chupa. Itoe nje leo hii. Legeza kizibo polepole bila kuinamia, ukiwa umesimama upande upepo unakotoka. Iache wazi mahali ambapo watoto hawafiki, kisha imimine kwenye ndoo ya maji mengi na uimwage mbali na nyumba. Kama bado unakohoa, unapumua kwa mluzi au kifua kinabana, nenda kituo cha afya. Usisubiri kesho, maana madhara ya gesi hii kwenye mapafu huweza kujitokeza saa kadhaa baadaye. Jirani akikwambia unywe maziwa ili "kukata sumu", mshukuru uendelee na safari yako. Maziwa huenda tumboni, na wewe uliumia mapafu.

Kilichokukohoza ni klorini. Jik, kama dawa nyingine za aina yake, ni maji yenye sodiamu haipokloraiti, na ikikutana na asidi hutoa gesi hiyo. Siki ni asidi. Ndimu ni asidi. Dawa nyingi za kusugulia choo ni asidi kali kuliko zote mbili. Gesi hiyo ndiyo ile ambayo jeshi la Ujerumani liliwafungulia adui zake karibu na Ypres, Ubelgiji, tarehe 22 Aprili 1915, katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Yako ilikuwa kidogo, ndiyo, lakini bafu lako nalo ni dogo. Na kwa kuwa klorini ni nzito kuliko hewa, hushuka na kutulia chini, kwenye kimo cha mtoto anayetambaa.

Sasa nije kwenye povu, maana hili ndilo linalonichosha. Kila wiki naletewa swali la siki na bekingi soda, na kila mwulizaji ameshawishiwa na kitu kimoja: kuchemka. Watu wanaona mapovu wanadhani uchafu unang'oka. Yale mapovu ni kabonidayoksaidi, hewa ileile ya kwenye soda, na maana yake ni kwamba vitu viwili ulivyovinunua kwa pesa yako vinaumana na kumalizana. Lita moja ya siki ya asilimia 5 ina takriban gramu 50 za asidi. Gramu 70 za bekingi soda, kama vijiko vitano vya kulia chakula, zinaimaliza asidi yote hiyo. Kinachobaki ni maji yenye chumvi iitwayo asetati ya sodiamu. Hayaondoi utando, hayakati mafuta, hayaui kijidudu. Wanaorekodi video huzima kamera povu linapokatika, kwa hiyo hatuoni wakisugua kwa steelwool baadaye.

Bibi zetu wa pwani, ambao hawakusoma kemia, hawakuwahi kufanya kosa hili. Sinia ya shaba waliisugua kwa ndimu na chumvi, au ukwaju. Sufuria lenye masizi walilisugua kwa majivu na kumbi la nazi. Asidi mahali pake, majivu mahali pake, na hakuna aliyekamulia ndimu ndani ya majivu akashangilia. (Majivu yasiachwe yakilala na maji kwenye sufuria ya alumini, lakini. Maji ya majivu hula alumini na kuifanya nyeusi.)

Kwa hiyo vitu vyako vyote viwili ni vizuri, ila kila kimoja peke yake. Utando mweupe ni chokaa inayoachwa na maji magumu ya kisima, yaani yenye madini mengi, yakikauka, na chokaa huyeyushwa na asidi. Lowanisha kitambaa kwa siki isiyochanganywa na kitu, kizungushe kwenye bomba au kilaze juu ya vigae, kiache nusu saa, kisha sugua na suuza kwa maji mengi. Hapo ukiona vipovu vidogo ni sawa, kwa kuwa chokaa yenyewe ndiyo inayoliwa. Utando wa miaka hautoki kwa mara moja, rudia. Usikae na siki muda mrefu kwenye mistari ya saruji katikati ya vigae, maana nayo huliwa. Birika la chai lenye magamba hutibiwa vivyo hivyo: siki na maji nusu kwa nusu, chemsha, acha lipoe, mwaga, suuza. Ndimu nayo inafaa, hasa kwenye madoa ya kutu, ila ina sukari, na usiposuuza vizuri utawaalika sisimizi.

Mafuta ya jikoni ndiyo kazi ya bekingi soda. Ikoroge na maji kidogo iwe uji mzito, paka, acha robo saa, sugua kwa kitambaa chenye maji ya moto na sabuni. Kwenye mafuta yaliyogandamana sana, sabuni ya kipande na maji ya moto hushinda bekingi soda, na bei yake unaijua.

Tarazo sina habari njema. Vile vipande vya kung'aa ndani yake kwa kawaida ni marumaru, na marumaru ni jamii ya chokaa ileile unayotaka kuitoa bafuni. Ndimu haikuacha doa juu ya sakafu, imekula uso wa sakafu. Hakuna mafuta ya nazi wala nta itakayourudisha, itauficha wiki mbili tu. Dawa ni fundi mwenye mashine ya kusaga na kupolishi, na kwa kuwa nyumba si yako, ongea na mwenye nyumba kabla hajayaona mabaka mwenyewe. Kuanzia sasa tarazo ipigwe deki kwa maji na sabuni ya kawaida, basi.

Jik usiitupe. Nyumba ikiwa na mgonjwa wa kuhara, siki si ya kutegemea, klorini ndiyo yenyewe. Lakini osha kwanza kwa sabuni na maji, usuuze, kwa sababu uchafu huimaliza nguvu klorini kabla haijafika kwa vijidudu. Jik yenye haipokloraiti asilimia 3.5, sehemu moja kwa sehemu 34 za maji ya baridi, hukupa asilimia 0.1 inayotosha kwa sakafu na vitasa. Iache dakika kumi ndipo ufute. Tengeneza ya siku hiyo tu, maana ikikaa hupoteza nguvu. Wala usiimwage kwenye choo chenye mkojo uliolala, kwani amonia ya mkojo nayo hutoa gesi yake na Jik.

Na hili neno "haina kemikali" ningependa lipigwe marufuku sokoni. Siki ni kemikali, maji ni kemikali, na sumu ya muhogo mchungu ni ya asili kabisa. Anayekuuzia kitu kwa sifa ya kuwa cha asili tu hajakwambia kinafanya kazi gani. Wabaya zaidi ni wanaopita mitaani na "dawa ya vigae" kwenye chupa za maji ya kunywa, haina jina wala onyo. Muulize muuzaji ndani kuna nini, atakwambia "ni mchanganyiko maalumu". Mara nyingi ni asidi kali iliyotiwa rangi na marashi. Inang'arisha kweli siku ya kwanza, kisha inakula saruji na koki zako, na siku ukiifuata kwa Jik bafuni utarudia yaliyokupata, safari hii kwa kipimo kikubwa. Halafu ipo kwenye chupa ambayo mtoto mwenye kiu anaijua kuwa ni ya maji. Kama unayo ndani, usiihamishie chupa nyingine wala usijaribu kuikisia kwa kunusa. Ifunge, iweke juu ndani ya kabati lenye kufuli, na usinunue nyingine.