Usukani wa Vitz ya zamani: tafuta wa gari kama yako, na eabegi ya mtumba usiifunge

Wa alaykum salaam. Mwenzetu wa Wete, Pemba, ameuliza kuhusu Toyota Vitz yake ya mwaka 2002: usukani umeanza kunata mikononi, upande wa juu umechunika, na alipovuka kwenda Unguja akaoneshwa Mwanakwerekwe usukani mdogo wa spoti, mwekundu na mweusi. Anataka kujua achukue huo, atafute mtumba wa Vitz, au avishe kava aendelee. Mimi naendesha Vitz ya umbo hilo hilo hapa Chake, na kabla yake nilikuwa na Starlet, kwa hiyo habari ya usukani imenipitia sana mikononi. Kwa ufupi: tafuta usukani mtupu wa Vitz, urudishie eabegi yako mwenyewe (ule mfuko unaojaa ghafla kumkinga dereva wakati wa ajali), na ule wa spoti uuache dukani. Sababu zake nitazieleza, maana ukishazijua hakuna muuzaji atakayekubabaisha.

Tuanze na huko kunata. Usukani wa Vitz nyingi za mwanzo haukuvikwa ngozi, ni plastiki laini iliyomiminwa juu ya fremu ya chuma. Plastiki ya namna hiyo haipendi joto na unyevu vikikaa pamoja miaka mingi, na kwetu huku vyote viwili tunavyo mwaka mzima. Gari inashinda juani bandarini Mkoani au mbele ya soko la Chake, vioo vimefungwa, jioni dereva anashika usukani na mikono yenye jasho au mafuta ya nazi. Sehemu ya juu, inayopigwa na jua la kioo cha mbele, ndiyo inayooza kwanza. Kabla hujatoa pesa, osha kwa maji ya vuguvugu, sabuni ya kuoshea vyombo na kitambaa kilichokamuliwa vizuri. Mara nyingine kinachonata ni uchafu na mafuta ya miaka, na chini yake plastiki bado nzima. Petroli na tina usiguse kabisa, vitaimaliza. Wala usipake yale mafuta ya kung'arishia dashibodi, maana usukani utateleza mkononi ukiwa katikati ya kona.

Ukiosha na bado inanata, au kidole kinaacha alama, plastiki hiyo imekwisha. Kama imepasuka tu bila kunata, fundi wa viti vya gari anaweza kuivika ngozi na kuishona kwa mkono palepale usukani ulipo. Hiyo ni kazi nzuri na inadumu kuliko watu wanavyodhani. Ila kava la kuvuta, lile la dukani lenye mpira, mimi silipendi hata kidogo. Saizi ndogo ya Kijapani inakusudiwa usukani wa kama sentimita 36.5 hadi 37.9, kwa hiyo kwanza pima usukani wako kwa futi, ukingo hadi ukingo, usinunue kwa kukisia. Likishavaliwa, lishike kwa nguvu kwa mikono miwili ulipindue. Likizunguka juu ya usukani hata kidogo, livue. Siku unapomkwepa mtoto aliyekatisha mbio baina ya majamvi ya karafuu yaliyoanikwa ukingoni mwa barabara, mikono yako itageuka na kava, na magurudumu yatabaki yalipo.

Sasa huo wa spoti. Kama Vitz yako ilikuja na eabegi ya dereva, nayo imekaa ndani ya usukani, basi ukiweka wa spoti eabegi imeondoka, na badala yake mbele ya kifua chako pana kitufe cha honi na bolti sita za chuma. Gari ile ilipimwa mkanda na eabegi vikifanya kazi pamoja. Tena hasara haiishii kwako. Kompyuta ya eabegi ikiona waya mmoja umekatika inawasha taa nyekundu ya dashibodi, na mfumo wenye hitilafu huwezi tena kuutegemea, hata kwa abiria wa kushoto, ambaye mara nyingi ni mkeo au mama yako. Wapo mafundi watakaokwambia hilo si tatizo, wanachomelea rizista kwenye waya ili kompyuta idhani eabegi ipo na taa izime. Fundi wa namna hiyo muage kwa adabu uondoke. Taa ile imewekwa ikwambie kweli, na ukija kuiuza gari unamuuzia mwenzio uongo.

Hapo hapo nikupe njia ya kujua hali ya gari yako leo. Washa swichi bila kupiga injini, utazame taa ya eabegi. Inatakiwa iwake, kisha izime baada ya kama sekunde 6. Ikibaki inawaka, kuna kasoro. Isipowaka kabisa, kuna mtu amekwishachezea.

Sisemi usukani wa spoti ni haramu kwa kila gari. Starlet yangu ilikuwa ya umbo la EP82, gari isiyokuwa na eabegi tangu kiwandani, na ile niliifunga usukani wa sentimita 35 nikaridhika nao. Lakini hata kwa gari ya namna ile yapo ya kuangalia. Usukani wa spoti haukai moja kwa moja kwenye shafti, unahitaji kipande cha kati, habu, ambacho upande mmoja kina meno ya gari yako na upande wa pili kina matundu ya bolti za usukani. Matundu hayo hayalingani. Mtindo wa MOMO ni bolti sita kwenye duara la milimita 70, wa Nardi ni sita kwenye milimita 74. Milimita nne huzioni kwa jicho, ila bolti zitaziona, na nimeshuhudia fundi akitanua matundu kwa drili ili ziingie. Usukani uliofungwa hivyo siupandi. Halafu ujue kwamba majina hayo makubwa yanaigwa sana, kwa hiyo nembo peke yake isikushawishi. Bonyeza spoki, na angalia kama maungio yamechomelewa kwa unadhifu.

Udogo nao una gharama yake. Ukitoka sentimita 37 ukaenda 32, mkono unahitaji nguvu zaidi kwa kama asilimia 16 kufanya kazi ile ile. Kwenye Vitz yenye pawa ya umeme, yaani mota inayokusaidia kugeuza usukani, huenda usilione hilo, ila kwenye Starlet isiyo na pawa, kugeuza gari ndani ya vichochoro vya Wete utalihisi mabegani. Na kwenye gari ambayo mita iko nyuma ya usukani, ukingo mdogo unaweza kukuzibia mwendokasi. Vitz za umbo letu zimesalimika na hilo kwa sababu mita yake iko katikati ya dashibodi.

Tuje kwenye mtumba, ambao ndio ninaokushauri. Vitz, Platz na Funcargo za miaka ile ni ndugu, na usukani wa mmoja mara nyingi unaingia kwa mwingine. Lakini "unaingia" si sawa na "unafaa". Muuzaji mwambie akupe usukani uugeuze uutazame mgongoni, kwa sababu habari zote ziko nyuma. Kwanza tazama tundu la katikati: meno yawe makali na safi, yasiwe yamelika au kupondwa. Kutu ya rangi ya chai juu juu si neno, hewa yetu ya chumvi haisamehe chuma, ila kutu iliyoanza kumenyuka vipande iache. Pili, ulaze kifudifudi juu ya kioo cha kaunta. Ukingo uguse pande zote. Ukicheza kama meza yenye mguu mfupi, umetoka kwenye gari iliyogonga, kifua cha mtu kimeupinda, hata kama rangi yake bado inang'aa. Tatu, pitisha kidole pale spoki zinapokutana na kitovu, utafute ufa. Nne, chungulia kwenye pembe na springi za honi. Ukikuta udongo mkavu uliojificha humo, gari hiyo ilizama kwenye maji.

Vitufe vya redio visikutie tamaa. Kama gari yako haina waya zake, ni mapambo tu. Cha muhimu zaidi ni umbo la pale eabegi inapokaa, kwa sababu eabegi utakayorudishia ni yako. Peleka picha ya eabegi yako, mbele na nyuma, na uhesabu plagi zake. Eabegi za zamani zina plagi moja, zilizokuja baadaye nyingi zina mbili kwa kuwa zinafumuka kwa hatua mbili, na huwezi kuifanya moja iwe mbili.

Na hapa ndipo ninapoomba unisikilize zaidi. Wauzaji wengi watakuuzia usukani pamoja na eabegi yake, na watakwambia ni bahati. Eabegi ya mtumba usiifunge. Huijui historia yake, na wengi mmesikia habari ya Takata, kampuni ya Japani ya kutengeneza eabegi, iliyofilisika mwaka 2017. Vifumuo vyake, yaani vile vinavyoijaza eabegi gesi, vilitumia kemikali ya amonia naitreti, na vile visivyowekwa kikausha unyevu viliharibika vilipokaa miaka mingi kwenye joto na unyevunyevu. Vikifumuka vinalipua kasha lake la chuma na kurusha vipande usoni mwa dereva. Watu wamekufa katika ajali ambazo zingewaachia michubuko tu. Mwezi Mei 2015 Toyota ilitangaza kuzirudisha gari karibu milioni 5 duniani, na Corolla na Vitz zilizotengenezwa baina ya Machi 2003 na Novemba 2007 zilikuwemo. Sasa fikiria eabegi iliyovuliwa kwenye gari ya miaka hiyo, ikakaa kwenye kontena, kisha ikakaa stoo yenye paa la bati hapa visiwani. Nchi zenye hali ya hewa kama yetu ndizo zilizo kwenye hatari kubwa zaidi. Yako ya 2002 iko nje ya tarehe hizo, lakini hata hivyo chukua namba ya chesisi uiangalie kwenye ukurasa wa Toyota wa gari zilizorudishwa, haichukui muda na haina malipo.

Kufunga. Hii si kazi ya kufanya barabarani huku watu wanakuharakisha. Nyoosha magurudumu ya mbele, zima swichi, toa waya wa hasi wa betri, kisha subiri. Maelekezo ya Toyota ni sekunde 90 kwa uchache, mimi huwa nakaa zaidi, nakunywa maji. Mfumo unahifadhi umeme kidogo ili eabegi ifumuke hata betri ikikatika kwenye ajali, na umeme huo lazima uishe. Pembeni mwa usukani, kushoto na kulia, kuna vifuniko vidogo, na nyuma yake skrubu za kichwa cha nyota saizi T30. Zilegeze, eabegi itatoka mbele. Chomoa plagi ya njano, uibebe eabegi uso wake ukielekea mbali na wewe, uiweke mahali pa kivuli uso ukiwa juu. Mita ya umeme usiitie kwenye plagi ile kwa hali yoyote, hata kwa "kupima tu", kwani mkondo mdogo unatosha kuifyatua.

Chini yake kuna nati, inafunguliwa kwa boksi spana ya milimita 19. Kabla ya kuilegeza, chora mstari wa kalamu ya rangi juu ya shafti na kitovu. Ilegeze lakini usiitoe yote, iache kwenye nyuzi za mwisho, kisha vuta. Usukani uliong'ang'ania ukiachia ghafla, nati ile ndiyo itakayokuokoa meno. Ukikataa, tumia pula, kile kifaa cha kuvutia usukani. Nyundo kwenye kichwa cha shafti naikataza kwa nguvu zote: shafti ya usukani imetengenezwa ijikunje wakati wa ajali isikuchome kifuani, na vipande vya plastiki vinavyoishikilia vinakatika kwa nyundo bila wewe kujua.

Nyuma ya usukani utaona kibweta cha plastiki. Ndani yake mna utepe wa waya uliozungushwa, unaopeleka umeme wa honi na eabegi huku usukani ukizunguka. Wengi wanauharibu hapa. Ukikizungusha kibweta usukani ukiwa nje, kisha ukafunga, kona ya kwanza utakayokata usukani mpaka mwisho inaukata utepe, honi inakufa na taa ya eabegi inawaka. Kizungushe taratibu kwa mkono kinyume cha saa mpaka kigome, kisha kirudishe mwendo wa saa kama mizunguko 2 na nusu hadi alama mbili zikutane. Hapo kiko katikati. Kikikaa vibaya, hata indiketa haitajizima sawasawa.

Rudisha usukani kwa mstari uliochora, nati mpya kama unaipata, na uikaze kwa spana ya kipimo: nyutoni-mita 50 kwa Toyota nyingi za rika hilo. Toyota nyingi zina meno 36, maana yake jino moja ni digrii 10. Ukiona usukani umekaa upande kwa kidogo kuliko hivyo, kuhamisha jino hakutasaidia, hiyo ni kazi ya alaimenti, kunyoosha magurudumu kwenye taerodi, zile fimbo zinazoyageuza. Unganisha plagi, kaza skrubu, rudisha betri ukiwa umesimama nje ya gari, halafu ingiza mkono dirishani uwashe swichi na uhesabu zile sekunde sita.

Na jambo dogo la mwisho: kile kifuniko cha kati usikibandike nembo ya chuma wala vile vito vya kung'aa vinavyouzwa madukani. Eabegi inafunguka kwa chini ya sehemu ya kumi ya sekunde, na chochote kilichobandikwa pale kitakuja na uso wako.

Muuzaji wa Unguja akikutumia picha, aipige nyuma ya usukani, tundu la meno lionekane wazi. Iweke hapa nikutazamie kabla hujautia kwenye boti.