Mke yuko Wisconsin, watoto wako Butere, na wewe uko wapi?

*Shangazi Mpendwa,*

*Nina miaka 38, nauza vipuri vya pikipiki hapa Kondele, Kisumu. Mke wangu ni mwalimu wa Kiswahili wa shule ya upili. Agosti mwaka jana alipata nafasi ya Fulbright, ule mpango wa serikali ya Marekani wa kubadilishana walimu na wanafunzi, kwenda Wisconsin, Marekani, kufundisha Kiswahili chuoni kwa miezi tisa. Nilimruhusu kwa moyo safi. Sasa najuta.*

*Mwanzoni alikuwa akipiga simu saa tatu usiku. Ilipofika Novemba akahamia saa nne, watoto wakiwa wamelala, eti saa za huko zimerudishwa nyuma. Nani hurudisha saa nyuma? Usiku mmoja wa Desemba nilipoingia nyumbani saa nane nikampigia ghafla. Nikamkuta barabarani, gizani, akaniambia kwao ni saa kumi na moja jioni. Januari akanitumia picha amesimama juu ya ziwa na wanaume wawili, wanacheka. Tena kuna mwanafunzi wa kiume anayemwandikia "Mpendwa Mwalimu", na mke wangu akanitumia barua hiyo akijivunia. Pesa hatumi kwangu tena, karo analipa mwenyewe shuleni tangu yale mambo madogo ya Septemba. Nimemwomba anifanyie mpango nimfuate, anasema haiwezekani.*

*Kibaya zaidi, shule zilipofunguliwa mama mkwe alikuja kutoka Butere akawachukua watoto wote wawili bila sababu yoyote. Siku hiyo dada anayenisaidia dukani alikuwa amewapikia chapati vizuri tu. Naye sasa analia, kwa kuwa watoto walikuwa wameshazoea kumwita anti. Je, nimwamuru mke wangu arudi mara moja, ama nioe mwingine?*

*Baba Wawili, Kisumu*

Baba Wawili,

Pole. Kitanda cha mtu mmoja kina baridi, hata Kisumu. Pole yangu inaishia hapo, kwa hivyo itunze.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza niliisoma kama ulivyotaka isomwe. Mara ya pili nikajifanya mimi ndiye mama mkwe wako, nimeshuka kwenye matatu ya Butere na kikapu changu, nimeingia uani kwako nikatazama. Nitakwambia nilichokiona, lakini kwanza tumalize habari ya saa, maana ndiyo umeifanya shahidi wako mkuu.

Wamarekani wengi hurudisha saa zao nyuma kwa saa moja kila Jumapili ya kwanza ya Novemba. Mwaka jana ilikuwa tarehe 2. Kabla ya siku hiyo Wisconsin ilikuwa nyuma ya Kisumu kwa saa nane, baada yake ikawa saa tisa. Piga hesabu kama unavyopiga ya vipuri. Saa tatu yako ya usiku ilikuwa saa saba yake ya mchana, wakati ambao mwalimu hupata nafasi ya kula. Novemba saa saba ile ile ikaangukia saa nne yako. Mke wako hajahamisha kitu. Amekupigia akiwa ameketi kiti kile kile, pengine na mkate ule ule baridi mkononi, na wewe ukaona mwanaume.

Giza nalo lina maelezo yake. Sisi wa ikweta tumedekezwa na jua. Linachomoza na kutua karibu wakati ule ule Januari hadi Desemba, na ndiyo maana hata saa zetu tunazihesabu kutoka linapochomoza. Kule Wisconsin, mwezi wa Desemba, saa kumi na nusu jioni jua limeshakwenda zake. Mwalimu akitoka darasani saa kumi na moja anatembea gizani kwenye theluji kutafuta basi. Huyo ndiye uliyemfumania.

Lakini hebu tusimame kwenye saa nyingine, ile uliyoipita mbio. "Nilipoingia nyumbani saa nane." Saa nane ya usiku, baba! Yeye saa kumi na moja jioni alikuwa anatoka kazini. Wewe saa nane usiku ulikuwa unatoka wapi? Kondele naijua, kelele zake nazijua, na sijaona duka la vipuri linalouza plagi saa hiyo. Watoto wawili walikuwa wamelala na nani? Hukusema, na mimi sikuhitaji kuuliza sana.

Ile picha uliyoniambatishia nimeikuza mpaka ikawa vidoadoa. Ziwa letu likifunikwa hufunikwa na magugu maji. Maziwa ya Wisconsin hufunikwa na barafu, na barafu ikishakaza vya kutosha watu hutembea juu yake, hutoboa tundu, hukaa kwenye vigoda na kuvua samaki. Mtu aliyezaliwa karibu na Victoria angefurahia habari kama hiyo, angeipeleka Dunga akawasimulie wavuvi. Wewe umehesabu wanaume. Haya, hao wanaume wamevaa makoti hadi magotini, kofia hadi kwenye nyusi na skafu hadi puani. Mmoja ana msuko wa nywele umetokeza chini ya kofia ukashuka hadi kifuani. Jinsia yao umeijua kwa kipimo gani?

Na hiyo "Mpendwa Mwalimu" imenichekesha hadi nikaweka kikombe chini. Ni kichwa cha barua, mwanangu! Ndivyo barua zilivyofundishwa tangu tukiwa madarasa ya chini, na ndivyo mke wako amewafundisha. Wewe mwenyewe umeniandikia "Shangazi Mpendwa". Nikuitie wazee?

Kama ungekuwa unamsikiliza mkeo badala ya kumsikilizia, ungejua maisha anayoishi. Anafundisha vijana ambao ngeli kwao ni mlima. Anasahihisha "kitabu yangu" na "watoto zangu" tangu Agosti, makosa ambayo sisi hapa Kisumu tunayafanya mchana kweupe bila haya. Akiwaambia saa nne wao wanaelewa saa kumi. Akimaliza kufundisha anageuka mwanafunzi, kwa sababu walimu wa lugha wa Fulbright hutakiwa kusoma kozi zao pia, kila muhula. Jioni anarudi kwenye chumba ambacho hakuna mtu wa kumwambia "umeshindaje". Anapika ugali kwa unga uliotengenezewa kitu kingine. Mpwa wangu alikaa huko majira mazima ya baridi, akaniambia kilichomtesa kuliko baridi yenyewe ni kwamba siku nzima husikii mtu akikuamkia kwa namna inayotaka jibu refu. Sasa mtu kama huyo anasubiri saa saba ifike apige nyumbani, na simu inapokelewa na polisi.

Tuje kwenye pesa. Umeandika kana kwamba Wisconsin anachuma dola mtini. Anapewa posho, na posho hiyo inamlipia chumba, chakula, na koti zito na viatu vya theluji ambavyo hakwenda navyo kutoka Kenya. Visa yake ya J-1, ile ya wageni wa mipango ya kubadilishana, haimruhusu kwenda kuokota kibarua chochote anachokiona. Kukufanyia mpango umfuate? Mpango huo wa kufundisha lugha hauna fungu la mume. Na kama hofu yako ni kwamba atazamia huko, tulia. Aliyekwenda na Fulbright kwa visa hiyo hutakiwa arudi kwao akae miaka miwili kabla ya kuruhusiwa kuomba ukaazi wa kudumu Marekani. Mei miezi tisa inakwisha. Mtu anarudi.

Kumbe pesa alikuwa anakutumia! Umesema mwenyewe, "tangu yale mambo madogo ya Septemba". Sentensi fupi kama hiyo huwa imelaliwa na jitu kubwa. Nikisie? Karo ilikuja, ukaona kwanza uongeze stoki ya matairi, utarudisha mwisho wa mwezi. Mwisho wa mwezi haukuja. Watoto wakarudishwa nyumbani na barua ya mwalimu mkuu, na mama yao akapata habari akiwa huko mbali, mbele ya darasa. Kuanzia siku hiyo akalipa shule mwenyewe. Kama nimekosea niandikie, nitakuomba radhi kwenye safu hii hii. Sitegemei barua hiyo.

Sasa ule ua wa nyumba yako. Kwanza kuna dada "anayenisaidia dukani". Sawa, duka linahitaji mtu. Mistari haijapoa, dada wa dukani yuko jikoni kwako anapika chapati. Mistari mingine kidogo, watoto wanamwita anti. Baba Wawili, ni kaunta gani hiyo ya duka iliyofika hadi kwenye jiko la mke wako? Na analilia nini, chapati? Msichana wa dukani watoto wakiondoka hupumua. Anayelia ni yule aliyekuwa ameanza kuhesabu nyumba kuwa yake.

Nawajua bibi wa Butere. Bibi hawezi kuacha kuku wake, shamba lake na kikundi chake cha akina mama, apande matatu, awatoe wajukuu shule ya mjini wiki ya kufunguliwa, akaanze kutafuta nafasi za masomo kijijini, "bila sababu yoyote". Mama huyo ameona. Siri ya mtungi aijuaye kata. Aliingia, akakaribishwa na mtu asiyemjua kwenye kiti cha binti yake, akala chapati, akashukuru, akafunga nguo za watoto. Nakuambia ukweli, angekuwa mama mkwe wa aina nyingine angekufanyia kelele jirani wote wa mtaa wajae uani. Alikusitiri. Na nina hakika mkeo hajaambiwa yote, kwa sababu mama asingependa binti yake aanguke huko kwenye barafu. Una deni kwa mwanamke huyo, na wewe unamshtaki kwangu.

Acha nitoke njiani kidogo. Mambo haya ya wake kusafiri yamewapata wanaume wa Nyanza kana kwamba ni msiba mpya, lakini ziwa hili limeanza zamani kusindikiza watu ng'ambo. Mwaka 1959 Tom Mboya alijaza ndege ya kwanza ya wanafunzi wa Kenya, watu 81, kwenda Marekani. Mwaka huo huo Barack Obama, yule baba wa rais, aliondoka kwenda Hawaii, akamwacha mkewe Kezia na mtoto mmoja mkononi na mwingine tumboni. Hakukaa miezi tisa. Alirudi 1964, na wewe unajua, dunia nzima inajua, alikuwa ameshapata familia nyingine huko. Wake wa enzi hizo walilima, wakalea, wakangoja barua. Mababu zetu walifanya kazi kwenye reli hadi Kampala wakaonekana nyumbani Krismasi. Hakuna aliyemwambia mke wake, "niruhusu". Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Leo mke amekwenda miezi tisa, ana simu ya picha, anapiga kila siku, analipa karo, na mume ameshaanza kuuliza kama aoe. Ndoa za siku hizi tunazifungia kwenye mahema meupe, na keki ya ngazi tano, lakini hatufundishani kungoja. Wasichana tuliwafundisha kungoja mpaka wakachoka. Wavulana tuliwapikia.

Nirudi kwako. Umeuliza maswali mawili. La kwanza, arudi mara moja? Hapana. Akivunja mpango katikati atarudi na aibu isiyo yake, na hatakusamehe hata ukimnunulia gari. La pili, uoe mwingine? Hilo hukuniuliza kwa sababu ya Wisconsin. Swali hilo liko jikoni kwako, limevaa leso ya mke wako.

Fanya hivi. Huyo dada mlipe haki yake yote, hadi senti ya mwisho, bila matusi, umwachie akatafute kazi kwingine. Yeye ni mtoto wa mtu pia, na sioni mahali ulipomwambia ukweli. Duka tafuta kijana. Jumamosi panda matatu uende Butere. Beba sukari, majani, mkate na mafuta ya kupikia. Usiende na rafiki wa kukutetea. Ukifika usianze na habari ya haki zako za baba. Atakuwekea kiti chini ya mti, aendelee na kazi zake kama hakukuona, hata saa mbili. Kaa. Akikuuliza umekuja kufanya nini, mwambie, "Mama, nimekosa," halafu unyamaze. Watoto huenda asikupe siku hiyo. Rudi Jumamosi inayofuata.

Mke wako mweleze ya karo kwanza, kwa kinywa chako. Hayo mengine mjadiliane na mama mkwe jinsi ya kumfikishia, naye ndiye atakayejua kama ni ya simu au ya kungojea Mei.

Na kabla sijasahau: Jumapili ya tarehe 8 Machi Wamarekani watasogeza saa zao mbele tena. Simu itarudi kulia saa tatu usiku. Usije ukaniandikia kwamba mwanaume wa barafuni amemwacha. Kama watoto watakuwa wamesharudi, wape simu waongee wao kwanza.

Shangazi