Makao makuu yanahamia kwenu? Hesabu wapangaji kwanza, kiwanja baadaye

Msomaji ameniandikia kwamba halmashauri yao inahamishia makao makuu kwenye mji mdogo, na dalali keshamletea viwanja "vya fursa". Anauliza akope au asikope. Kwa hili mwalimu wetu ni Dodoma.

Uamuzi wa kuhamia Dodoma ulipitishwa mwaka 1973. Tamko lililoisukuma serikali kuhama kweli lilitoka Julai 2016: Waziri Mkuu akatangulia Septemba, Rais Magufuli mwenyewe akafuata Oktoba 2019. Bei ya kiwanja hupanda siku ya tamko, lakini mpangaji haji mpaka ofisi ifunguliwe. Katikati hapo ndipo marejesho ya benki yanapokutafuna. Kama huwezi kulipa mkopo miaka mitatu bila senti ya kodi, usikope.

Halafu jiulize anayekuja ni nani. Mtumishi mwenye watoto shuleni na mwenza mwenye kazi Dar haji na makabati. Anakuja na begi, anataka chumba na sebule chenye choo ndani, na Ijumaa jioni anarudi kwake. Treni ya umeme iliyoanza mwaka 2024 imemrahisishia zaidi. Jumba la vyumba vinne na uzio wa maua litakusubirisha. Wakubwa nao serikali inawajengea yenyewe: TBA (Wakala wa Majengo) wapo Nzuguni, NHC (Shirika la Nyumba) wapo Iyumbu, pembezoni mwa Dodoma. Wewe utashindana nao kwa lipi?

Tuseme umejenga kwa milioni 60 na unapangisha 250,000 kwa mwezi. Miezi miwili kwa mwaka nyumba iko tupu, unabaki na milioni 2.5. Toa asilimia 10 ya kodi ya zuio, toa rangi, koki na pango la ardhi, umebaki na kama milioni 2. Pesa yako itarudi baada ya miaka 30. Fedha hiyohiyo ikijenga vyumba vitano vya kujitegemea, kila kimoja na mita yake ya umeme ya LUKU, kwa 120,000 kila kimoja, hesabu inabadilika kabisa.

Ukishaamua, usitoe hata shilingi ya "kushikia". Fanya upekuzi ofisi ya ardhi ujue jina lililo kwenye hati na kama kuna rehani. Nenda mipango miji uone mchoro: ofisi zinakaa wapi, barabara inapita wapi. Walioshika viwanja katikati ya Dodoma wakaja kuona Mji wa Serikali unajengwa Mtumba, nje kabisa upande wa barabara ya Dar. Mwite mpima atafute mawe ya mpaka kwa vipimo, si kwa kidole cha dalali. Muuzaji akiwa na ndoa, mwenza aridhie kwa maandishi. Lipa kupitia benki. Muhuri wa mwenyekiti wa mtaa si hati. Ukinunua kwa muhuri huo tu, barabara ikipita juu ya kiwanja hicho utasota kuthibitisha kwamba fidia ni yako.

Maji nayo. Dodoma inategemea sana visima vya Mzakwe, na mgao ni jambo la kawaida. Watu kumi wakitumia lita 50 kila mmoja kwa siku, tanki la lita 5,000 linawafikisha siku kumi. Chimba pia shimo la mita moja na nusu uone udongo. Ukikuta mfinyanzi mweusi wa mbuga, unaovimba masika na kupasuka kiangazi, ongeza bajeti ya msingi wa nondo au achana na kiwanja hicho. Kuta zikishachanika plasta haisaidii.

Na mji unaoachwa? Dar ilibaki na bandari na Kariakoo. Mji wa wilaya hauna hayo: kwanza hufa mama lishe wa getini, kisha fotokopi, kisha gesti. Mwenye fremu karibu na ofisi inayohama asisaini mkataba mpya wa mwaka mzima; aombe wa miezi mitatu mitatu.