Dada wa Simbo, usilipe hiyo sola kabla hujapima kuni zako

Usilipe. Kama hujatuma hiyo advansi, iache ilipo.

Umesema una kiwanda kidogo cha mawese Simbo, unataka kupunguza hewa ukaa kiwandani, nyumbani na kwenye pikipiki ya kusambazia mafuta. Umesema pia wakala amekushauri ufunge sola ya milioni nne na nusu kwa mkopo, kisha kila mwaka uvune "hela ya kaboni", yaani malipo ya kupunguza hewa ukaa. Maneno hayo nayajua mpaka anapovutia pumzi. Nachemsha chikichi hapa Mwandiga, Kigoma, na niliuziwa hayohayo na mtu wa namna hiyohiyo, shati limenyooka, karatasi za rangi mkononi.

Nilinunua paneli, betri na inveta, kile kifaa cha kugeuza umeme wa betri uwe kama wa ukutani. Nilichokuwa nachoma ni kuni chini ya mapipa ya kuchemshia, na dizeli kwenye injini ya mashine ya kusaga. Paneli iliyo juu ya bati inazigusa wapi kuni zilizo chini ya pipa? Ile sola iliwasha taa na kuchaji simu, kazi ambayo LUKU ya elfu chache ilikuwa inaimaliza. Fuso la kuni liliendelea kuja vilevile.

Nilipolalamika, wakala akasema toa injini ya dizeli, weka mota, sola itaizungusha. Nikatoa. Sasa sikiliza hapa, maana ndipo pesa ilipozama. Mota inapoanza kuzunguka huvuta umeme mara tano mpaka saba ya ule inaoutumia ikishatulia. Inveta niliyouziwa ilipimwa kwa mota iliyotulia. Mota inayoanza huku mashine imejaa chikichi haikuwamo kwenye hesabu yao. Inazima, unawasha, inazima. Fundi wao akaja, akachezea nyaya, akasema tuendelee hivyohivyo. Betri zilikuwa za asidi, na za aina hiyo ukizinyonya mpaka chini kila siku hazidumu. Zikafa mkopo ukiwa bado unadai. Rejesho nikalilipa kwa kuuza madumu msimu wa mavuno, bei ikiwa chini kabisa, wakati wenzangu wameyafungia stoo wanasubiri bei ipande. Hilo dada ndilo lililouma kuliko bei ya sola yenyewe, kwa sababu faida ya mawese iko kwenye kusubiri.

Wakala? Simu haikupokelewa tena. Kampuni ikasema yeye alikuwa wa kamisheni tu. Yaani mtu anaingia kiwandani kwako, anakaa juu ya gogo la kuni, anaona moshi kwa macho yake, halafu hakuulizi hata swali moja kuhusu kuni! Anakuuliza bati lako lina mita ngapi.

Na hiyo hela ya kaboni ndiyo inayonipandisha hasira zaidi. Biashara ya kaboni hapa nchini ina kanuni zake za mwaka 2022, na kuna Kituo cha Taifa cha Kuratibu Kaboni pale Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine (SUA), Morogoro. Mradi husajiliwa, hupimwa hali ilivyokuwa mwanzo, kisha huhakikiwa na mtu wa nje, na kazi hiyo ina gharama. Majirani zetu wa Wilaya ya Tanganyika, Katavi, wanapata fedha kwa sababu vijiji vimeungana kulinda misitu mikubwa. Kiwanda kimoja chenye paneli chache hakifiki huko. Anayekuahidi malipo ya kila mwaka kwa paneli zako mwambie akupe namba ya usajili wa mradi, uone atakavyobadilisha mazungumzo.

Kwa hiyo shika hili moja: pima moto wako kabla ya kununua chochote. Chukua mizani ya magunia. Kila mzigo wa kuni upimwe kabla haujaingia chini ya pipa, uandikwe kwenye daftari. Dizeli iandikwe kwa lita. Mwisho wa wiki gawa kwa madumu ya mawese uliyotoa. Lita moja ya dizeli ikiungua hutoa karibu kilo 2.7 za hewa ukaa. Kilo moja ya kuni kavu hutoa karibu kilo 1.7. Tuseme wiki yako inakula lita 10 za dizeli na kilo 400 za kuni: dizeli ni kilo 27, kuni ni kilo 680. Taa zako ziko wapi humo?

Najua watakuja wajuaji kusema kuni hazihesabiwi kwa kuwa mti huota tena. Huota ukiachwa uote. Tazameni vilima vinavyozunguka Hifadhi ya Gombe. Taasisi ya Jane Goodall ilianzisha TACARE, mradi wa kurudisha miti pamoja na wanavijiji, mwaka 1994 kwa sababu misitu ya nje ya hifadhi ilikuwa inaisha, na watu wanaoimaliza walikuwa na shida halisi za kuni na mashamba.

Ukishapima utaona mwenyewe pa kuanzia. Mimi daftari lilinipeleka kwenye jiko: moto wa mafiga matatu ulivunjwa, tukajenga la matofali lililozibwa pembeni, lenye bomba la moshi, na kila pipa likapata mfuniko. Nyuzi zinazobaki baada ya kukamua, pamoja na maganda ya mise (kokwa za chikichi), tunazianika na kuzichoma badala ya kuzitupa. Mota sasa iko kwenye umeme wa gridi, imefungwa na fundi wa mtaani anayejua mota. Lile shimo la maji machafu nalo uliangalie, maana mabaki ya mawese yakioza ndani ya maji bila hewa hutoa methani, gesi inayopasha joto mara nyingi zaidi ya hewa ukaa.

Lakini hayo yote baadaye. Kwanza mizani. Anza na uchemshaji wako unaofuata, ulete hapa kilo, lita na madumu, tupige hesabu pamoja. Na huo mkataba wa sola upige picha, funika jina lako, tuusome kabla hujatia sahihi.