Waasisi wa country walipiga vyombo gani? Fidla na banjo kwanza, gitaa baadaye

Dada, umesema umelelewa na nyimbo za country za mzee wako na siku zote umeamini muziki huo ni gitaa tu. Sasa unauliza waasisi wenyewe walipiga nini, na wewe uanze na chombo kipi. Mimi ni mpiga gitaa kavu, lile lisilotumia umeme, nilifundishwa na mjomba wangu kule Kakamega, na kwa miaka mingi nimewafuata wazee hawa wa Marekani kwa sikio na kwa vidole. Nitakujibu kwa urefu kidogo.

Gitaa lilichelewa kufika. Kwenye milima ya Appalachia, huko Virginia, Tennessee na North Carolina, mwenye shughuli alikuwa mpiga fidla, yaani violini. Chombo hicho kilikuja na wahamiaji kutoka Scotland, Ireland na Uingereza, na fidla moja ilitosha kuchezesha watu usiku kucha bila mwimbaji. Ndiyo maana santuri za mwanzo kabisa za muziki huu ni za wapiga fidla. Eck Robertson wa Texas alirekodi New York mwaka 1922 kwa kampuni ya Victor, na wimbo wake wa "Sallie Gooden" aliupiga peke yake. Usikilize vizuri: anaurudia wimbo ule ule tena na tena, kila mara anaugeuza, na wakati wote uzi wa jirani unavuma chini yake. Juni 1923 Ralph Peer wa kampuni ya Okeh alimrekodi Fiddlin' John Carson mjini Atlanta. Peer hakuipenda hata kidogo sauti ya mzee yule, lakini santuri zilinunuliwa upesi, na makampuni yakatambua kwamba watu wa mashambani wako tayari kulipia muziki wao wenyewe.

Pembeni ya fidla ilikaa banjo, na hapa naomba niseme kwa mkazo, maana wapo wanaosema kwamba banjo ni chombo cha Wazungu. Sivyo. Banjo ilianzishwa na Waafrika waliopelekwa utumwani Karibi na Amerika: kibuyu kilichowambwa ngozi, shingo ya mti na nyuzi chache. Mtazame mtu wa kabila la Wajola wa Senegal au Gambia akipiga akonting yake, chombo cha kibuyu kinachofanana na banjo hiyo ya kwanza. Uzi mmoja ni mfupi kuliko wenzake na kazi yake ni ya kidole gumba. Kucha ya kidole cha shahada nayo inashuka juu ya uzi mrefu, haiuvuti kwenda juu. Wapiga banjo wa mtindo wa zamani kule milimani hupiga hivyo hivyo hadi leo. Wazungu walijifunza kwa watu weusi, wakabadilisha kibuyu kwa duara la mbao, viwanda vikaongeza vyuma, lakini ule uzi mfupi haukuondoka.

Katika waasisi wenyewe, Uncle Dave Macon alikuwa msafirishaji wa mizigo kwa magari ya nyumbu kabla hajaingia jukwaani akiwa na miaka 50 hivi, na alipiga banjo huku akiizungusha na kupiga kelele za furaha. Lakini mimi nampenda zaidi Charlie Poole, mfanyakazi wa viwanda vya nguo kutoka North Carolina. Aliumia mkono akicheza besiboli, vidole vikabaki vimekunjika, na kwa vidole hivyo akatumia mtindo wa vidole vitatu ulio safi ajabu. Mwaka 1925 alirekodi kwa kampuni ya Columbia na bendi ya watu watatu tu: fidla, banjo na gitaa. Gitaa hapo linashika besi na kuunganisha, basi. Kuubeba wimbo ni kazi ya fidla.

Aliyebadilisha mambo ni msichana wa miaka 18, Maybelle Carter. Mwishoni mwa Julai 1927 Ralph Peer, wakati huo akiwa na Victor, aliweka studio ya muda mjini Bristol, mpakani mwa Tennessee na Virginia. Familia ya Carter ikafika: A.P., mkewe Sara, na Maybelle, binamu ya Sara, aliyekuwa mjamzito. Sara alipiga otohapu, kile kisanduku cha nyuzi nyingi chenye vitufe; ukibonyeza kitufe, nyuzi usizozitaka zinazimwa na zilizobaki zinalia kwa pamoja. Maybelle alishika gitaa. Kwa kuwa hakukuwa na fidla ya kuubeba wimbo, aliubeba yeye kwa kidole gumba kwenye nyuzi nene, huku kidole cha shahada kikizipangusa nyuzi nyembamba chini na juu. Mtu mmoja, na unasikia wawili.

Mimi vidole vyangu vilifundwa kinyume chake. Ukimsikiliza mpiga gitaa Mwenda Jean Bosco wa Katanga, Kongo, aliyerekodiwa na Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Afrika, mwaka 1952, au George Mukabi wetu wa Kenya, kidole gumba kinatembea na besi na cha shahada ndicho kinachoimba juu. Vidole ni vile vile viwili, kazi zimebadilishana. Nilipoanza kumfuata Maybelle, mkono wangu ulikuwa ukikimbilia nyuzi nyembamba kila wimbo ulipoanza. Dawa ilikuwa kukiacha kidole cha shahada kabisa na kupiga wimbo mzima kwa kidole gumba peke yake, polepole, mpaka ueleweke. Baada ya hapo mpanguso ukaingia wenyewe.

Na msisahau jina la Lesley Riddle, mpiga gitaa mweusi wa Kingsport, Tennessee. Alisafiri na A.P. wakitafuta nyimbo: A.P. aliandika maneno, Riddle akahifadhi sauti kichwani. Maybelle mwenyewe alijifunza kwake. Mwaka 1928 Maybelle alipata Gibson L-5, gitaa lenye tumbo lililobinuka na matundu mawili yenye umbo la herufi f. Liligharimu dola 275, pesa nzito sana wakati huo, na leo liko kwenye makumbusho ya country jijini Nashville.

Siku chache tu baada ya akina Carter, Bristol hiyo hiyo, alirekodi Jimmie Rodgers wa Meridian, Mississippi, mfanyakazi wa reli aliyekuwa na kifua kikuu. Kwa upigaji gitaa hakumfikia Maybelle, lakini alijua kuliweka chini ya sauti yake. Martin yake (gitaa la kampuni ya Martin) ilikuwa na jina lake kwenye shingo, na mgongoni iliandikwa "Thanks", yaani asante. Akimaliza kuimba aliigeuza hadhira isome. Santuri zake zilifika hadi kwa Wakipsigis wa Kenya. Mwaka 1950 Hugh Tracey aliwarekodi huko Kapkatet wakiimba "Chemirocha", na hilo ndilo jina la Jimmie Rodgers mdomoni mwao, likiimbwa kwa chepkong, kinanda chao cha nyuzi.

Kuna chombo ambacho watu hawakihesabu kabisa: harmonika, kile kinanda kidogo cha kupuliza mdomoni. DeFord Bailey, mtu mweusi aliyeugua polio utotoni, alikuwa nyota wa redio WSM ya Nashville tangu miaka ya mwanzo ya kipindi kilichokuja kuitwa Grand Ole Opry. Katika "Pan American Blues" ya 1927 anapiga treni nzima kwa harmonika ndogo, magurudumu na honi. Mwaka 1941 wakamwondoa, akaishi kwa kung'arisha viatu. Aliingizwa kwenye orodha ya heshima ya country mwaka 2005, miaka 23 baada ya kufa kwake. Jambo hili linaniuma kila nikilikumbuka.

Gitaa la kuteleza kwa chuma lilitoka Hawaii, na Rodgers alirekodi na Joe Kaipo, mwana wa visiwa hivyo. Mandolini, chombo kidogo cha nyuzi, tunamshukuru Bill Monroe kwayo, aliyeachiwa chombo hicho kwa sababu kaka zake walishatwaa fidla na gitaa.

Sasa uanze na nini? Kwa hapa kwetu, gitaa. Banjo ni shida kupata, na nyuzi zake ni shida zaidi. Chukua gitaa kavu la kawaida. Kabla hujalipa, funga jicho moja uitazame shingo kwa urefu wake kama imenyooka, kisha piga kila uzi kwenye kila kituo, yaani kila nafasi kati ya vyuma vya shingo, kuanzia juu hadi karibu na tumbo. Uzi ukikoroma mahali, liache. Wimbo wa kuanzia uwe "Wildwood Flower", ule wa akina Carter wa 1928. Kidole gumba kwanza.