Tapi (zulia dogo) ya pamba iliyokuwa ngumu baada ya kufuliwa
Mama, tapi yako imekuwa ngumu kwa sababu sabuni imebaki ndani ya nyuzi. Irudishe kwenye beseni la maji baridi lita 10 na nusu kikombe cha siki nyeupe, iache dakika 20, suuza hadi povu liishe. Siku nyingine vijiko viwili vya sabuni ya unga vinatosha, si konzi nzima.

Ila hapa Goma, karibu na volkano, kazi kubwa iko kabla ya maji: ipigie nje, mgongo wake (upande wa chini) ukiwa juu, vumbi la lava litoke. Chembe zake zinakata nyuzi, na zikilowa zinazama chini kabisa. Tapi yenye mpira mgongoni usiitie javeli (dawa ya maji ya kung'arisha nguo nyeupe) wala maji moto, mpira utapasuka. Anika juu ya kamba mbili, kivulini penye upepo.